Zamu

Barua ya shule ilifika imekunjwa mara nne:
Changawa Nzai, kidato cha pili,
analala darasani, anajibu walimu kwa ukali.
Tafadhali mrekebishe.

Mrekebishe. Kana kwamba ni feni.

Chumba changu kiko juu ya karakana ya mabati, Majengo, Malindi.
Chini wanagonga. Juu watu husubiri nyundo ishike kasi
ndipo walie.
Nina viti vitatu, kila kimoja na umbo lake,
maana watu hawafanani makalio wala majonzi:
kirefu cha mzee Kalume, dobi wa hoteli, goti lake halikunjiki;
kinachoelekea dirishani, Mwanahawa asiyesikia
apate mwanga wa kunisoma midomo;
na cha mlangoni, cha yeyote
anayetaka kuwa na hakika kwamba anaweza kutoka.

Changawa alichagua cha mlangoni.

Chuoni nilifundishwa kuuliza, una nini?
Miaka kumi na tisa imenigeuza ulimi: uko wapi?
Unalala na nani? Maji mnateka wapi?
Nyumbani unaitwa jina gani,
na ni nani hupandisha sauti unga ukiisha?

Wiki ya kwanza alinipa "sijui" kumi na moja.
Nilizihesabu.
Wiki ya pili, tisa.
Ya tatu nikampa penseli: nichoree kitanda chako,
kitanda nisichokilalia sijui kunguni wake.

Akachora mlango.

Mlango wa nyumba ya udongo, kule Ganda.
Nyuma yake mkeka, ubavuni mwa mkeka panga.
"Nalala hapa. Nyayo kwenye ubao.
Wakisukuma, nitajua."
Kina nani?
Hakujibu. Akashika nywele zake,
akazivuta kidogo, kama anayemwonyesha mtoto rangi.

Basi nikaelewa; nami ni mtu wa pwani hii.
Hawe wake ana miaka sabini na mmoja.
Mahindi ya jirani yalikauka, mtoto wa ami akafa kwa homa,
na mtu fulani, kwenye mnazi, akaanza kuhesabu mvi za kikongwe.
Mvi, jana heshima,
leo hati ya mashtaka.

Kijana hana ugonjwa wa usingizi.
Ana usingizi mwingi, hana pa kuuweka.
Ningeweza kumfundisha kuvuta pumzi polepole,
lakini pumzi haishiki komeo.

Alhamisi nikafunga chumba, nikapanda boda.
Hawe Mbodze alinipokea na kichwa cheusi ti.
"Nimepaka piko," akasema. "Ujana wa shilingi hamsini.
Haumalizi mwezi."
Akacheka peke yake.

Tukakaa: mjomba, naibu wa chifu, mwinjilisti,
maneno mengi, chai kidogo.
Bi Nyevu wa chama cha akina mama akachoka kusikiliza:
"Usiku una saa ngapi? Gaweni. Tupangeni zamu."

Sitasema mambo yamekwisha.
Jumanne mjomba alikuja amelewa, akalala kabla ya mbu.
Jumamosi hakuja mtu.
Mwalimu nimemwandikia kurasa mbili;
hajajibu, ila nasikia
amemhamishia dawati la nyuma, penye kivuli,
na hamgongi tena kwa rula.

Jana Changawa aliingia, akakaa pale pake,
akasema "samahani," akaanza sentensi
ambayo sikuusikia mwisho wake.
Kidevu kikashuka kifuani.
Chini walikuwa wanakata bati, makelele ya kufa mtu.
Hakushtuka.

Sikumwamsha.
Nilivua viatu, nikabeba kiti cha mzee Kalume
taratibu, nikakiegemeza mlangoni,
nikakaa, nyayo zangu kwenye ubao.

Fomu ina mstari usemao, Huduma iliyotolewa.
Nikaandika: dakika hamsini na tano.
Mteja alilala.
Nilishika zamu.